Nyau: mlio uliogeuka jina

Mkoa wa Morogoro unajulikana duniani kwa panya. Pale Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, SUA, shirika la APOPO limekuwa likifundisha panya buku tangu mwaka 2000, kwanza kunusa mabomu ya kutegwa ardhini, kisha kunusa makohozi ya wagonjwa wa kifua kikuu. Mmoja wao, Magawa, alizaliwa Morogoro, akaenda kufanya kazi Kambodia, na mwaka 2020 akatunukiwa medali ya dhahabu na shirika la PDSA la Uingereza. Chuo hichohicho kimemchunguza kwa miongo kadhaa ndugu yake mharibifu, panya shamba, ambaye mwaka wa mvua nzuri huzaliana mpaka mkulima akapanda mahindi mara ya pili. Paka wa Morogoro hana medali wala maabara.

Lakini ondoka Magole, kwenye barabara kuu ya kwenda Dodoma, ushike njia ya kaskazini kuelekea Turiani. Utapita mpunga wa Mkindo, mashamba ya miwa ya Mtibwa, mashine za kukoboa na maghala ya wachuuzi wa mchele. Penye magunia pana panya, na mwenye ghala aliyechoka kununua sumu hufuga paka. Mfugwa huyu anaitwa kwa majina mawili. La kwanza, paka, ndilo la kwenye vitabu. La pili, nyau, limetoka mdomoni mwake mwenyewe, nalo lina historia ndefu kuliko wengi wanavyodhani.

Turiani ni mahali pazuri pa kuanzia historia hiyo kwa sababu pamekaa mpakani mwa lugha. Milima inayoonekana magharibi ni ya Nguru, nchi ya Wanguu, ambao lugha yao ni pacha wa Kizigua. Ukivuka kuelekea kusini na magharibi unakutana na Wakaguru, na ukizidi kuteremka hadi mjini Morogoro, Waluguru wa milima ya Uluguru. Wanaisimu Derek Nurse na Thomas Hinnebusch, katika kitabu chao kikubwa cha mwaka 1993 juu ya historia ya Kiswahili, waliziweka lugha hizi katika ukoo mmoja wa Kibantu cha pwani ya kaskazini mashariki. Kinguu na Kizigua wanaviita vya tawi la Seuta, Kiluguru na Kikaguru ni vya tawi la Ruvu, na Kiswahili ni cha tawi la Sabaki, binamu wa wote hao. Juu ya ukoo huo kiwanda cha sukari cha Mtibwa kikaleta wakata miwa kutoka pande zote za nchi. Mtu wa Songea na mtu wa Singida wakikaa nyumba moja ya kupanga, paka anayelala jikoni kwao hawezi kuitwa kwa kilugha. Anaitwa kwa Kiswahili, na Kiswahili chenyewe kinawapa majina hayo mawili.

Tuanze na paka. Jina hili halikutokana na mlio. Wanaolinganisha lugha za Kibantu wanalihesabu kuwa la kale, na ndugu zake wanaonekana mbali na pwani: Wachewa wa Malawi husema mphaka, Wakamba wa Kenya husema mbaka. Jambo la kufikirisha ni kwamba paka wa nyumbani si mwenyeji wa misitu yetu. Uchunguzi wa vinasaba uliotolewa mwaka 2007 ulionyesha kwamba paka wote wa kufugwa duniani wametokana na paka mwitu wa Mashariki ya Karibu, na huko Kipro wachimbaji walikuta paka aliyezikwa kando ya mtu miaka ipatayo 9,500 iliyopita. Bibi na babu zetu waliosema neno la mzizi huu hawakuwa na paka wa jikoni. Walikuwa na paka mwitu wa Afrika, yule wa rangi ya majani makavu anayewinda usiku kando ya mashamba, na huenda walikuwa wakimtaja huyo. Mgeni alipofika na vyombo vya baharini, akiwafuata panya weusi ambao mifupa yao imechimbuliwa Unguja Ukuu, alirithi jina la mwenyeji wa porini. Mwenyeji naye ikabidi aongezewe neno ili wasichanganywe, akawa paka mwitu au paka pori. Mwenye nyumba aliyegeuzwa mpangaji!

Kwingineko bara, ambako mgeni alichelewa, watu walikosa hata jina la kumrithisha, wakaazima. Wabemba wa Zambia wanamwita pushi na Waluhya wa magharibi mwa Kenya wana pusi yao yenye viambishi vya kienyeji. Majina hayo yamekuja na Waingereza. Ila Waingereza nao hawakulitunga peke yao, kwa kuwa chanzo chake kinaonekana kuwa ule mwito wa ps-ps-ps ambao watu wa nchi nyingi humwitia paka. Misri na nchi jirani Waarabu wa mitaani humwita bissa, Warumania humwita pisică, Madagaska ni piso. Wazulu wao walichukua ikati kwa wazungu wa kusini. Waswahili waliohamia Muscat wamekuta huko jina jingine kabisa, sannur, ambalo halina uhusiano na mwito wala mlio.

Sasa nyau. Hapa ndipo mnyama alipojitaja. Wakikuyu wa Kenya humwita paka nyau, na hilo kwao ndilo jina lake la heshima, si la kitoto. Wasemaji wa Kilingala wa Kongo husema niawu. Wamisri wa zama za Mafarao, waliokuwa wakimkausha na kumzika kwa sanda, walimwandika miu kwa dume na miit kwa jike. Wachina humwita mao. Hakuna msafara uliobeba neno hilo kutoka mto Naili hadi Mlima Kenya na hadi Uchina. Kila watu walisikiliza mlangoni kwao wakaandika walichosikia. (Nyau wa Wachewa, wale wachezaji wa vinyago wa Gule Wamkulu, hawamo katika hadithi hii, sauti imegongana tu.)

Kwa nini sisi tunasikia nyau na Mfaransa anasikia miau? Paka ni yuleyule. Mlio wake unaanzia puani mdomo ukiwa umefumbwa, unafunguka kwenye a, kisha midomo inakaribiana tena na kuishia kwenye u. Hapo mwanzo ndipo kila lugha inapochomeka sauti iliyo karibu. Kiswahili, kama ndugu zake wa Seuta na Ruvu, kina hazina kubwa ya ny: nyama, nyota, nyoka, nyuki, nyumba. Mya, kwa upande mwingine, hatuna mazoea nayo, na mi ikifuatwa na a inagawanyika kuwa silabi mbili na kupoteza kasi. Mjapani naye, mwenye ny nyingi katika lugha yake, anasikia nyaa. Mwarabu ametunga neno zima la mlio huo, muwaa, kwa utaratibu wa kisarufi unaompa pia neno la mlio wa mbuzi na wa mtoto.

Kwenye sarufi yetu nyau ni tanakali sauti, ndugu wa pu ya kitu kilichoanguka, ji ya kimya na fofofo ya usingizi. Wageni walioandika sarufi za Kibantu walisumbuka sana na maneno haya, kwa kuwa hayakuwa vitenzi wala vielezi kwa mizani ya Kilatini. Ni mwaka 1935 tu ambapo Clement Doke, mwanaisimu wa Afrika Kusini, aliyapa daraja lake yenyewe katika istilahi za Kibantu. Kabla ya hapo yalikuwa yakitupwa kwenye fungu la viingizi pamoja na lo! na ala!

Wageni hao wengine walipita karibu sana na Turiani. Mapadre wa Roho Mtakatifu, waliofungua misheni ya Bagamoyo mwaka 1868, walipanda hadi Mhonda, chini ya milima ya Nguru, wakafungua kituo mwaka 1877. Mhonda leo ni mwendo mfupi kutoka Turiani mjini. Katika shirika hilohilo alikuwamo Charles Sacleux, Mfaransa aliyefika pwani mwaka 1879 akakaa karibu miaka ishirini akikusanya mimea na maneno. Kamusi yake ya Kiswahili kwa Kifaransa ilitoka Paris kuanzia mwaka 1939, mwaka uleule ambao Frederick Johnson na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki walitoa kamusi sanifu iliyowafundisha Waingereza wa serikalini. Kabla yao Edward Steere wa Zanzibar alikwisha kuchapa kitabu chake cha sarufi na msamiati mwaka 1870, na Ludwig Krapf wa Rabai kamusi yake mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kufa. Kazi yao ni ya kuheshimiwa. Lakini kamusi hupangwa kwa nomino na vitenzi, na tanakali hupata nafasi finyu ndani yake. Watoto wa shule za msingi, wanaokariri kwamba mbwa hubweka, jogoo huwika, kuku hutetea na simba hunguruma, wakifika kwa paka hupewa maneno mawili, hulia nyau, kana kwamba mtungaji alikosa kitenzi akaamua kumwachia paka aseme mwenyewe.

Na kulia kwenyewe ni kitenzi cha kubeba kila mzigo. Kengele inalia, bunduki inalia, ngoma inalia, mjane analia, paka analia. Wanaodai kwamba Kiswahili ni maskini kwa hili hawajasikiliza. Lugha za Kibantu zina namna ya kutunga vitenzi vya sauti kwa kuweka m mwishoni mwa mzizi unaoiga sauti yenyewe. Ndiyo maana upepo huvuma, radi hunguruma na mtu aliyelala chali hukoroma. Paka ameingia humo kwa mlango wa nyuma, maana anaponguruma kwa hasira anaazima kitenzi cha simba, na anapojikunja kwa raha anaazima cha mtu aliyelala.

Neno hilo la mwisho ndilo linalozua ubishi. Ile sauti ya chini, ya mfululizo, paka anayoitoa akipapaswa, Waingereza na Wafaransa wana kitenzi chake mahsusi. Sisi tunasema anakoroma. Wapo wafasiri wanaolalamika kwamba kukoroma ni kwa walevi na wazee na kwamba paka anastahili neno lake. Mimi nawapinga. Waarabu, ambao wamependa paka kiasi kwamba sahaba mmoja wa Mtume anajulikana hadi leo kwa lakabu ya Abu Huraira, baba wa kijipaka, hutumia kharkhara kwa paka mwenye raha na kwa mtu anayekoroma. Tena sayansi imekuja upande wetu. Kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba ubongo wa paka hukaza na kulegeza misuli ya koo kila mara ili kutoa sauti hiyo. Mwaka 2023 Christian Herbst na wenzake wa Chuo Kikuu cha Vienna walichukua makoromeo ya paka wanane waliokuwa wamelazwa milele kwa sababu ya maradhi, wakapuliza hewa ndani yake, na makoromeo yakatoa sauti ile bila ubongo wowote, kwa mitetemo 25 hadi 30 kwa sekunde. Walikuta ndani ya nyuzi za sauti vinundu laini vinavyozifanya ziwe nzito na kutetemeka polepole. Hewa inapita, koo linatetemeka lenyewe, jambo ambalo halitofautiani sana na la mtu aliyelala. Kiswahili kililiita jambo hilo kukoroma, na kiungo kinachohusika koromeo, neno lenye mzizi uleule, kabla ya maabara ya Vienna kuwashwa taa.

Ukweli unabaki kwamba nyau tunayo kila siku kinywani, na kukoroma kwa paka tunakutaja kwa nadra. Nadhani sababu iko kwenye nyumba zetu kuliko kwenye lugha. Paka wa ghala la Turiani ni mfanyakazi. Analala juu ya magunia, hapewi kiti, na chakula chake kikubwa anajitafutia. Paka wa nyumba haingwa, wasema wahenga, yaani hafukuzwi kama ndege wa shambani. Lakini kutofukuzwa ni jambo moja, kupakatwa ni jambo jingine. Mtu husikia kukoroma kwa paka akiwa amemweka mapajani. Mwingine humsikia akiwa mlangoni pa jiko, siku samaki wanapoparuliwa magamba, na anachosikia hapo ni nyau.

Hata paka mwenyewe anakubaliana na mgawanyo huo. Mmarekani Mildred Moelk alichapisha mwaka 1944 uchunguzi wa fonetiki wa paka wa nyumbani. Alihesabu milio kumi na sita akaipanga kwa namna mdomo unavyokaa: ile ya mdomo uliofumbwa, kama kukoroma na kale kasauti kafupi ka salamu, ile ya mdomo unaofunguka na kufumba, ambayo ndiyo nyau na jamaa zake, na ile ya mdomo uliokazwa wazi, ambayo ni kunguruma, kufoka na vilio vya ugomvi. Watafiti waliomfuata wameona kwamba paka wazima hawaambiani nyau mara nyingi. Kitoto humlilia mama yake hivyo, kisha akikua anaacha, isipokuwa kwa binadamu. Mwaka 2004 Nicholas Nicastro wa Chuo Kikuu cha Cornell aliwasikilizisha watu milio ya paka wa kufugwa na ya paka mwitu wa Afrika, na wasikilizaji wakaona wa kufugwa wanapendeza zaidi masikioni. Kwa hiyo neno pekee la paka ambalo lugha nyingi zimekubali kuligeuza jina ni lile analotuelekezea sisi. Karen McComb wa Chuo Kikuu cha Sussex akaongeza mwaka 2009 kwamba paka mwenye njaa hata akikoroma huchomeka ndani yake sauti nyembamba yenye kimo kinachokaribia kilio cha mtoto mchanga, na mwenye nyumba hunyanyuka. Paka hashibi kwa wali, matilaba yake ni panya. Lakini akiuomba wali anajua kuuomba.

Kilio cha paka usiku, kinachofanana na cha mtoto, ni kitu kingine kabisa. Shume, yaani dume kubwa lisilo na mwenyewe, likikutana na jingine juu ya bati, au jike likiwa kwenye joto, sauti inayotoka haiandikiki kwa nyau. Hapo watu wa Turiani, kama wa mahali pengi nchini, hunyamaza wasikilize, na wapo wasemao kwamba huyo si paka, katumwa. Mganga wa mifugo atakwambia ni uzazi na mipaka ya eneo. Ila utambue kwamba wasiwasi huo ni wa zamani katika fasihi yetu. Katika hadithi alizozikusanya Steere Zanzibar na kuzichapa mwaka 1870 imo ile ya Sultani Majnuni, ambaye paka wake alianza kwa kukamata kuku, akapanda hadi ndama na mbuzi, na kila raia alipoleta malalamiko sultani alijibu kwamba paka ni wake na mbuzi ni wake. Paka akaingia msituni akawa nunda, mla watu, na haikuchukua muda akawala wana wa sultani mwenyewe. Mtoto mdogo ndiye aliyemwinda na kumuua. Watawala waliolea paka wao hivyo hawakuishia Zanzibar, lakini hiyo ni makala nyingine.

Umbali kati ya paka na simba ndio umelipa nyau maana yake mpya. Katika lugha ya mitaani mtu dhaifu, asiye na msimamo, ni nyau. Klabu ya Kariakoo iliyoacha jina la Sunderland mwaka 1971 na kujiita Simba ilijua inachagua mngurumo, na tangu hapo watani wake hawajachoka kuwakumbusha mashabiki wake kwamba simba na paka ni ukoo mmoja. Turiani wana haki ya pekee ya kutania. Timu yao ya kiwandani, Mtibwa Sugar, yenye uwanja wake Manungu katikati ya miwa, ilitwaa ubingwa wa Bara mwaka 1999 ikaurudia mwaka 2000, ikiwaacha wakubwa wote wa Dar es Salaam nyuma.

Matani hayo yana msingi wa anatomia. Mwaka 1834 Mwingereza Richard Owen alibainisha kwamba mfupa unaoshikilia ulimi na koromeo la simba hauko kama wa paka: sehemu yake moja ni kano inayonyumbuka. Wataalamu baadaye waliona kwamba hiyo haitoshi kueleza yote, na kwamba nyuzi za sauti za simba, zilizo nene na pana, zina kazi kubwa zaidi. Ila mgawanyo wenyewe unasimama. Simba na chui wananguruma, wala hawakoromi kwa raha kwa mfululizo kama paka. Paka anakoroma, na hata akivimba vipi hawezi kunguruma mpaka Mikumi isikie. Anayevuruga hesabu ni duma, mwenye umbo la kutisha kuliko chui machoni pa watoto wengi. Huyu akishiba hulala na kukoroma, na akimwita mwanawe hulia kwa sauti ya ndege.